Nyumba ya Kutembea Kiubavu

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye simjui. Ana chumba ambacho mlango wake haufunguki mpaka mwisho. Mgeni akibisha hodi, anatoka haraka, anavuta mlango nyuma yake na kusema tukae hapa barazani kuna upepo. Wewe unayejijua, kaa usome. Sikusemi, maana sina pa kusimama nikamsema mtu. Upepo wa baraza langu niliusifia miaka mingi mpaka majirani wakadhani nina pumu.

Mvua tatu zimepita tangu mambo haya yaishe, kama yameisha. Naona sasa naweza kuyasimulia bila viganja kutoka jasho.

Mimi ni Mndali wa Ikinga, milimani Ileje. Niliolewa Tunduma na fundi cherehani wa Kinyamwanga, kipindi kile ambacho mitumba ilikuwa ndiyo kwanza imeruhusiwa, na huo ukawa utani wa nyumba yetu. Mimi nilifungua meza ya mitumba sokoni, yeye akabaki anangoja watu wa kushona sare za shule. "Umeniulia kazi, halafu unanipikia," alikuwa akisema. Mwishowe alileta cherehani yake kwenye meza yangu, akawa anapunguza suruali za Wazungu zikae kwenye viuno vya watu wa Tunduma. Tukamzaa Tusekile, na baada yake hatukupata mwingine.

Asiyefanya kazi hii hajui belo. Ni furushi limekazwa kwa mikanda ya plastiki, gumu, hujui kilichomo mpaka ulipe. Ukikata mikanda linavimba lenyewe, na wewe na wenzako mnaingiza mikono. Kuna nguo za kwanza, ambazo watu wanagombania. Kuna za kati. Na kuna zile za chini ambazo hazitoki hata ukizipigia kelele mpaka jioni. Soksi moja isiyo na mwenzake. Koti lililoungua mkono. Wenzangu za namna hiyo walizifanya matambara. Mimi nilizibeba nikarudi nazo nyumbani.

Nikarudi pia na mikanda ya belo, kwa sababu inafunga kuni. Nikarudi na viroba vyenyewe, vifungo, zipu, hanga zilizovunjika ndoana, madumu yasiyo na mifuniko na mifuniko isiyo na madumu. Watu wakisikia hivyo wanasema, aa, huyu alikulia shida. Ni kweli nilikulia wakati ambao ukienda dukani kununua mafuta ya taa bila chupa yako unarudi mikono mitupu, na chupa yetu ilikuwa moja. Lakini dada zangu walikulia kwenye nyumba hiyohiyo, wakatumwa na chupa hiyohiyo, na leo sebuleni kwao unaweza kucheza mpira. Kwa hiyo sitaki kuisingizia chupa.

Ni vile nilivyo. Kila kitu nikikishika naiona kazi yake, tena naiona wazi, naona na siku yenyewe ambayo mtu atakuja kuomba hicho hicho. Halafu mimi si mtu wa kuamua. Nikisimama mbele ya nyanya za mafungu mawili, muuzaji anachoka kabla yangu. Kutupa kunataka uamue leo. Kuweka hakutaki chochote, unaweka tu unaondoka.

Na zaidi ya vyote nilikuwa na nguo za watoto. Belo la watoto likifunguliwa nilikuwa siuzi za kwanza, naziweka pembeni chini ya meza. Tusekile alikuwa darasa la tano nilipoanza kuweka nguo za mtoto wake. Alipomaliza shule, mtoto huyo ambaye hajatungwa alikuwa na viroba kumi na kitu. Alipoolewa na mwalimu wa Ibaba, chumba alichokiacha kilijaa mpaka dirishani, kwa furaha yangu mwenyewe.

Nyumba ilibaki na njia moja, kutoka mlangoni hadi kitandani, nayo tuliipita kiubavu. Mume wangu ni mwembamba, alipita. Mimi nilijifunza kuvuta tumbo ndani. Nikaanza kukohoa kikohozi kikavu, mikononi upele ukaota, bega la kushoto likawa haliinuki kwa sababu ya kulalia upande mmoja tu wa kitanda, mwingine ukiwa na mizigo. Panya walizaliana humo na sikuwasikia tena. Siku moja mume wangu alichoma kiroba kimoja nyuma ya jiko nikiwa sokoni. Nilirudi nikakuta majivu na vifungo. Nilipiga kelele mpaka watu wakaja wakidhani kuna msiba, na wiki tatu sikumsemesha. Katika wiki hizo tatu nilileta viroba sita. Kama unaishi na mtu mwenye shida hii, nakuomba, usitupe vitu vyake akiwa hayupo. Hutampunguzia kitu.

Mwisho wa mwezi wa nane, vumbi la kiangazi limetanda mji mzima na malori yamepanga foleni ya kuvuka mpaka, Tusekile alishuka kutoka Ibaba. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Kwetu mtoto wa kike akibeba mimba ya kwanza anarudi kujifungulia kwa mama yake. Mama ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, anampikia uji, anamfundisha kumshika mtoto. Asiporudi, watu wanauliza kama mama yake amekufa, au amemkosea nini. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu darasa la tano.

Alisimama kwenye mlango wa chumba chake cha zamani. Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono.

"Mama, nitalala wapi na mtoto?"

"Nitapanga, mwanangu."

"Tangu nipo shule unapanga."

"Hizi zote ni zake! Hujui nimekaa na njaa mara ngapi nisiuze hizi? Angalia hii, ina sungura kifuani."

"Mtoto ana mwili mmoja, Mama." Hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha. "Nitajifungua mwezi wa tatu mwanzoni. Nikija nikaiona sakafu ya chumba hiki, nitakaa kwako mpaka unichoke. Nisipoiona, najifungulia kwa mama mkwe wangu. Nimeshamwambia."

Nilimwita majina ambayo sitayaandika. Alikunywa chai barazani, akaniambia shikamoo ya kuagia, akapanda gari kurudi milimani. Mume wangu alimsindikiza. Aliporudi aliketi kwenye cherehani, hakushona, akasema, "Mama Tuse, twende tukaangalie hicho kikohozi."

Kikohozi nilikubali, kwa sababu kikohozi ni cha watu wote. Tulikwenda hospitali kubwa Mbeya, maana wakati huo wote bado tulikuwa Mkoa wa Mbeya. Daktari wa kifua alinisikiliza mgongo, akauliza kazi yangu. Nikasema mitumba. Akasema basi ni vumbi la sokoni. Mume wangu, ambaye mbele za watu huongea kidogo sana, akasema, "Hapana, daktari. Vumbi si la sokoni." Akaeleza yote. Kitanda, njia, panya, kiroba kilichochomwa, mtoto aliyeahidi kutokuja. Nilitamani ardhi inimeze pale kwenye kiti. Daktari aliandika karatasi akatuelekeza mlango mwingine, mwisho kabisa wa jengo, na bango la mlango ule lilisema wazi ni wa magonjwa ya akili.

Benchi la pale lilikuwa la mbao, limepakwa bluu, limechubuka pale ambapo watu hukwaruza kucha. Hatujamaliza kukaa, akapita mama mmoja wa kanisani kwetu aliyekuja kuona mgonjwa wake. Akashangaa. "Mama Tuse! Na wewe upo huku?"

Nikasema, "Nimemleta mume wangu."

Mume wangu aliinua kichwa, akamwangalia yule mama, akatikisa kichwa taratibu kama mtu mgonjwa kweli. Yule mama akampa pole akaondoka. Miezi mingi baadaye watu wa kanisani walikuwa wakimsalimia mume wangu kwa sauti ya upole, wakimwuliza kama amelala vizuri, naye anajibu anaendelea vizuri. Hajawahi kunidai hilo. Katika yote niliyotendewa wakati wa ugonjwa, hilo ndilo linalonitoa machozi mpaka leo.

Aliyenipokea ndani alikuwa nesi, tukimwita Sista Eliza, mwembamba, sauti ya chini. Kwanza alitaka nimpe kifo. Nilipoteza nani? Nilizika mtoto? Nilimwambia wazazi wangu walikufa wazee wameshiba siku, mtoto wangu yuko hai na ana mdomo. Sikuwa na kifo cha kumpa. Akacheka, akaliacha. Akasema watu hatufanani: kuna anayeweka kwa kuiogopa kesho, kuna anayeweka kwa sababu kitu kinamkumbusha mtu wake, kuna asiyeweza kuamua kwa kuogopa kukosea. "Wewe ni yupi?"

"Sista, mimi ni belo lisilochambuliwa. Hao wote wamo."

Alinipa vidonge, akanipa na kazi. Kazi ilikuwa hii: kila kiroba nikifungue, nipange mafungu matatu, kinachobaki, kinachotoka, na nisichojua. Nirudi baada ya wiki tatu na hesabu ya fungu la kati. Vidonge vilinikausha mdomo mpaka nikawa naongea na ulimi umegandia juu. Vilinipa usingizi wa mchana mezani kwangu, wateja wakawa wananiamsha kuuliza bei. Nikanenepa kifuani na tumboni, na ile njia ya kiubavu ikaanza kunibana kweli. Mikono ikatetemeka, nikashindwa kumtungia mume wangu uzi kwenye sindano, kazi niliyomfanyia tangu macho yake yafifie. Na fungu la tatu likawa linapanda kila siku. Fungu la kati lilikuwa na soksi mbili.

Kliniki ya pili, Mbozi wakimalizia kuchuma kahawa, nilipeleka hesabu ya uongo. Niliketi benchini karibu na mfugaji mmoja aliyehamia bonde la Momba, Ivuna, kule wanakochemsha chumvi. Alikuwa amemleta mke wake aliyeacha kusema tangu ajifungue. Bwana yule alikuja na chumvi ya kwao kwenye vifuko vya nailoni, akamgawia kila aliyekuwa kwenye benchi, kana kwamba tumefika kwake. Aliponipa mimi akasema, "Mama, utaugua huku umekula vizuri." Chumvi tuliila. Kifuko nilikiosha nikakianika.

Hapo sasa nakuja kwenye kosa langu, na nadhani ni mtu wa mpakani tu anayeweza kulifanya.

Ng'ambo ya pili, Nakonde, nilikuwa na rafiki wa biashara, Bana Chanda, yaani Mama Chanda kwa Kibemba, naye akiuza mitumba, wenyewe wakiita salaula. Kwake alikuwa na chumba cha nyuma kitupu. Mvua za kwanza zilipoanguka, mwezi wa kumi na moja, nilikwenda kumwomba.

"Mwapoleni mukwai," nikamsalimu kikwao.

"Karibu, mukwai. Hii katundu yote ni ya kuuza?" Katundu kwao ni mizigo, na niliingia na kiroba cha kwanza kichwani.

"Ya kutunza tu, Bana Chanda. Kidogo tu."

"Kutunza mpaka lini?"

"Mpaka mtoto azaliwe."

Nilihamisha kwa siku tisa, mchana kweupe. Mtu anayetoka Tanzania na kiroba cha matambara hakuna anayemsumbua. Nilivipeleka vyote vya chumba cha Tusekile, na vingi vya sebuleni. Mume wangu alikuwa akishinda sokoni, na jioni akirudi anakuta pamepungua. Siku ya tisa aliiona sakafu. Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, na wote wawili tulikuwa tumeisahau. Alivua viatu akaikanyaga kwa miguu mitupu. Aliniuliza nimevipeleka wapi, nikasema nimegawa.

Sista Eliza alinisifia mbele ya wenzangu wa benchi, na nilizipokea sifa hizo nikiinamisha kichwa, wao wakaona ni unyenyekevu. Tusekile alikuja mwanzoni mwa Desemba, tumbo limejitokeza. Alifungua mlango, ukafunguka mpaka ukagonga ukuta. Akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa mdogo. Tulitandika godoro, akajinyoosha katikati ya chumba, mikono huku na huku. "Nitakuja, Mama," alisema. "Hata mwezi mmoja kabla nitakuja." Nilifurahi mpaka kifua kikauma. Furaha ile niliiiba, na nilijua nimeiiba, lakini nilifurahi.

Ila vile vitu viliniita. Nilikuwa navuka kila siku ya pili, namwambia Bana Chanda nimekuja kumjulia hali, halafu naingia chumba cha nyuma nagusa viroba. Nikirudi napitia jalalani, naokota kitu, naleta nyumbani, na sakafu ya Tusekile ikaanza kufunikwa tena. Kabla ya Krismasi Bana Chanda aliniambia kaka yake anahamia na familia.

"Awe, hapana, Mama Tuse, chumba nakitaka. Chukua katundu yako, au nichome?"

Neno kuchoma lilinipasua. Nikasema nitavichukua. Vipelekwe wapi, sikufikiri. Siku ya kwanza nilichukua viroba vitatu, nikavipanga juu ya baiskeli ya kuazima, nikapita njia za panya nyuma ya nyumba, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, saa sita mchana. Na mtu anayeingia Tanzania kwa njia za panya na viroba vitatu, huyo anaonekana. Ofisa wa forodha na askari wawili walinisimamisha. Nikapelekwa uani kwao, mbele ya malori na madereva.

"Fungua, mama."

Nikafungua. Ofisa, kijana safi, alitarajia vitenge au sukari. Akatoa fulana ya mtoto mchanga. Akatoa nyingine. Akatoa mifuniko, hanga, kiatu cha mtoto cha mguu mmoja.

"Hivi umevinunua Zambia?"

"Hapana. Vilitoka nyumbani kwangu Tunduma, vikaenda kukaa Zambia. Sasa vinarudi."

"Vilienda kufanya nini?"

Watu walicheka. Na mimi, mwenye mdomo soko zima, niliinama kuokota mifuniko. Walikuwepo wanawake wa mitumba wanaonijua, na wao hawakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ofisa aliacha kutoa vitu, akavirudisha kimoja kimoja ndani ya kiroba, taratibu. Akaomba namba ya mume wangu. Mume wangu alipofika na futi ya kupimia bado shingoni, yule kijana alimvuta pembeni akasema kwa heshima, "Shikamoo, mzee. Nadhani umpeleke mama hospitali."

"Marahaba, mwanangu. Ametoka huko juzi," mume wangu akajibu.

Habari za mpakani hazingoji gari. Tusekile alipiga simu jua halijazama.

"Mama, ni kweli?"

"Nilikuwa nakuandalia..."

"Ulinilaza kwenye chumba cha uongo. Basi, Mama. Mimi na mwanangu tutakaa Ibaba. Usiniombe tena."

Januari ilikuwa ya giza. Nililala mchana, sikuoga, meza ilifunguliwa na mume wangu. Mwili ulikuwa mzito na sikutaka chochote, hata vitu sikuvitaka, nilivilalia tu. Kilichoninyanyua ni kliniki, kwa sababu tarehe ilikuwa imeandikwa kwenye kadi na mume wangu ni mtu wa kufuata kadi. Nilimwambia Sista Eliza yote, pamoja na kile kifuko cha chumvi. Nilingoja anifukuze. Alisema, "Haya. Sasa ndiyo tumeanza." Akanibadilishia vidonge.

Safari hii haikuwa mafungu matatu. Mume wangu anashika kitu, mimi nakitazama, nasema kwa sauti naogopa nini kikitoka. Nikishasema, yeye anakipeleka nje na mimi namfuata nikione kikiondoka. Hakuna kuficha, yeye wala mimi. Kitu cha kwanza kilikuwa dumu lililopasuka, na lilituchukua asubuhi nzima. Nilitapika. Kila kiroba kilichotoka nilitapika au niliharisha, moyo ukidunda hadi masikioni, na mume wangu ananiletea maji, anangoja, anashika kingine. Tuligombana kila siku. Siku moja nilimpiga na hanga. Aliichunguza ile hanga akasema, "Hii nayo inabaki au inatoka?" Nilicheka huku nalia.

Nguo za watoto zilizokuwa upande wetu, za vile viroba vitatu na za sebuleni, tukaona nizipeleke wodi ya wazazi, kwa wale wanaokuja kujifungua bila nguo. Nilizitoa kwa mkono wangu, nikaona zikivalishwa. Hilo niliweza, hata lilinipa raha, mpaka manesi wa wodi wenyewe wakaniambia basi, Mama, kabati zimejaa. Nilibakiza za beseni moja. Za kwa Bana Chanda sikuzifuata tena; nilimtumia ujumbe afanye atakavyo, kisha nikakaa barazani, mume wangu akanishika bega mpaka giza likaingia.

Mwishoni mwa Februari chumba cha Tusekile kilikuwa na sakafu tena, ya kweli. Sebule ilikuwa nusu. Nilimwomba mume wangu amwambie. Tusekile akamjibu baba yake, "Sawa," akauliza habari za macho yake.

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha bila kupumzika, mahindi mabichi yamejaa sokoni. Uchungu ulimshika Tusekile Ibaba ukachelewa, wakamshusha mpaka hospitali ya Vwawa, akajifungua salama mtoto wa kike. Tulikwenda tukamwona kupitia mlangoni. Siku aliyoruhusiwa, barabara ya kupanda kwao ilikuwa imekatwa na maji, lori limelala katikati. Mkwe wangu alituleta yeye na mtoto Tunduma, mwenyewe akarudi Vwawa kungoja barabara.

Tusekile aliniambia mlangoni, mtoto mkononi, "Nimekuja kwa sababu ya barabara, Mama."

"Ndiyo, mwanangu. Karibu."

Kabla ya kukaa alifungua kila mlango. Aliinama akaangalia chini ya kitanda, akaenda jikoni akatazama hata darini. Mimi nilisimama namfuata kwa macho kama mshitakiwa. Aliingia chumbani, akalala, ila mkoba wake hakuutoa nguo. Ulikaa umefungwa miguuni pa kitanda kila siku, nami kila asubuhi nikileta uji jicho langu la kwanza lilikuwa kwenye zipu ya mkoba ule.

Siku ya sita kitovu cha mtoto kilikatika. Kwetu bibi ndiye anayekizika, karibu na nyumba, na mtoto anakuwa wa pale. Tusekile alikifunga kwenye pamba akaniwekea kiganjani. "Kazi yako, Bibi." Ni mara ya kwanza aliniita hivyo. Nilichukua jembe, nikaenda nyuma ya jiko penye mgomba, nikachimba. Nikasimama na kile kipamba. Hakina uzito wowote. Nilifukia shimo tupu, nikafunga kitovu kwenye pindo la kitenge changu, nikaingia ndani nikasema, "Tayari."

Siku mbili nilitembea nacho kiunoni. Hakuna aliyejua, na ningeweza kukaa nacho mpaka kufa. Nakuambia wewe unayesoma ili usidhani nilipona. Siku ya pili jioni mkwe alipiga simu, barabara inafunguliwa kesho. Nilifikiri: ataondoka bila kujua, ataniamini, atakuja tena. Kisha nikafikiri kwamba nitakuwa nimemlaza tena kwenye chumba cha uongo. Nilikaa jikoni mpaka uji ukaungua.

Nikaingia chumbani. Alikuwa ananyonyesha.

"Tuse, nilikudanganya." Nikafungua pindo nikamwonyesha.

Alikitazama, kisha akautazama mkoba. Nilisubiri nimesimama. Akamtoa mtoto titini, akambeba mgongoni, akamfunga kwa mbeleko.

"Jembe liko wapi?"

Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Alichimba mwenyewe, mzazi wa siku nane, nami nikashindwa hata kumkataza. Alipomaliza akasema, "Weka, Mama." Nikanyoosha mkono juu ya shimo. Vidole vikagoma. Nilivitazama kama vya mtu mwingine, nikavisihi, havikufunguka. Nikaanza kulia kwa aibu. Tusekile alichuchumaa kwenye matope, akanishika kifundo cha mkono. Hakukivuta.

"Sina haraka," akasema.

Tulikaa hivyo. Mtoto alilia mgongoni, akabembelezwa, akanyamaza. Manyunyu yakaanza tena. Sijui ni muda gani ulipita, ila kidole kimoja kililegea, kikafuata kingine, na kile kipamba kikaanguka. Tusekile akafukia, akashindilia udongo kwa kisigino.

Kesho yake barabara ilifunguliwa. Nilikuwa sebuleni nikisikia simu ikilia chumbani, mkwe wangu akisema yuko tayari kuja kuwachukua.

"Usije kwanza," Tusekile akamwambia. "Bado nipo kwa mama yangu."